Negativu za infraredi kwenye skana ya nyumbani: dalili, chanzo na mahali pa kuishia

Miembe ya Ujiji ikipigwa kwa filamu nyeusi na nyeupe ya infraredi, mwanga ambao macho yetu hayauoni, hutoka na majani meupe, anga limeiva kwa weusi, na Ziwa Tanganyika nyuma yake ni jeusi tii. Wanaopiga filamu hii huku Kigoma na Tabora ni wachache, na karibu wote wanaishia njia moja: filamu inasafishwa nyumbani, kisha inaskaniwa nyumbani. Malalamiko wanayoniletea yanafanana sana, ndiyo maana nimeyapanga hapa kwa dalili. Chini ya kila dalili chanzo kinachotokea mara nyingi kimetangulia, cha nadra kiko mwisho. Anza juu, shuka taratibu.

Jambo moja likikukaa kichwani, nusu ya matatizo haya hayatakusumbua: filamu ikishasafishwa, si ya infraredi tena. Kilichobaki juu yake ni fedha, chembe nyeusi za metali ndani ya jelatini, sawasawa na filamu nyingine yoyote nyeusi na nyeupe. Haihitaji taa ya infraredi kuskaniwa. Haihitaji kamera iliyofunguliwa na kubadilishwa kitambuzi. Mwanga mweupe wa kawaida unatosha. Infraredi ilimaliza kazi yake siku ile uliyobonyeza kamera.

Kabla ya kugusa programu: tazama negativu yenyewe

Weka negativu juu ya mwanga sawa, iwe meza ya mwanga au dirisha lenye karatasi nyeupe, uitazame kwa lenzi ya kukuzia. Kama huna, chukua lenzi ya kamera ya milimita 50, igeuze, tazama kupitia nyuma yake. Itakuza kama mara tano, na hiyo inatosha. Kumbuka kila kitu kimegeuka: jani lililotakiwa kuwa jeupe hapa ni zito na jeusi, na anga ni sehemu nyembamba inayokaribia kuwa wazi.

Swali ni hili tu: kasoro ninayoiona kwenye skrini, ipo kwenye filamu au haipo? Ikiwa ipo, hakuna kitufe cha skana kitakachoiondoa. Ikiwa haipo, filamu haina kosa, na usiiguse wala kuiosha.

Ukibaki na shaka, skani fremu hiyo, kisha izungushe nyuzi 180 kwenye kishikio chake na uskani tena. Kasoro ikizunguka pamoja na picha, iko kwenye filamu. Ikibaki palepale wakati picha imegeuka, iko kwenye skana. Jaribio hili ni la dakika chache na limeokoa filamu nyingi zisioshwe bure.

Dalili: majani yameliwa, kingo za matawi zimevurugika

Sehemu nyeupe za picha zina madoa laini yaliyopakazwa, kingo zina vivuli viwili, mahali pengine pameonekana kama pametobolewa. Ukiangalia kwa lenzi, negativu ni safi.

Chanzo cha kwanza, tena kwa mbali, ni Digital ICE au ufutaji mwingine wa vumbi unaotumia infraredi. Wengi huuwasha makusudi, wakidhani chaneli ya infraredi ya skana imewekwa kwa ajili ya filamu ya infraredi. Sivyo. Skana hupitisha infraredi kwenye filamu ili kutafuta vumbi. Kwenye filamu ya rangi, picha imeundwa kwa rangi zinazoiacha infraredi ipite, lakini vumbi na mikwaruzo huizuia; skana ikikuta kivuli, inajua hapo pana uchafu na inapaziba. Fedha haiiachi ipite. Kwa hiyo skana inaiona picha yako nzima kuwa vumbi na inaanza kuitengeneza. Na kwa kuwa majani ndiyo yenye fedha nyingi zaidi kwenye negativu ya infraredi, ndiyo yanayoharibiwa kuliko kitu kingine.

Tiba: chagua aina ya filamu kuwa negativu nyeusi na nyeupe, halafu zima ufutaji huo kabisa. Kwenye programu ya kuskani ya SilverFast unaitwa iSRD. Kwenye programu ya VueScan uko kwenye ukurasa wa vichujio. Hata ikiwa umeuweka kiwango cha chini, uzime. Hakuna kiwango salama kwa filamu ya fedha. Filamu moja nyeusi na nyeupe inayoukubali ni Ilford XP2 Super, kwa sababu husafishwa kwa dawa za filamu ya rangi na picha yake si fedha. Lakini hiyo si filamu ya infraredi.

Neno kwa anayetaka kununua: skana ya Plustek OpticFilm 8200i ina chaneli ya infraredi, 8100 haina. Kwa kazi hii hupotezi chochote ukichukua 8100.

Chanzo cha pili ni ufutaji wa vumbi wa kimahesabu, ule usiotumia infraredi bali hutafuta nukta ndogo nyeupe na kuzifuta. Majani ya mwembe kwenye jua kali ni nukta ndogo nyeupe maelfu kwa maelfu. Zima huo pia, vumbi utalifuta kwa mkono baadaye.

Dalili: majani ni weupe mtupu, hayana mishipa wala kivuli, au yamejaa chengachenga kama mchanga

Hapa ndipo pana kazi kubwa, na ndipo uamuzi wa mtu anayeskani unapoonekana.

Mara nyingi kosa ni la marekebisho ya moja kwa moja. Programu inasoma picha, inaona anga jeusi na majani meupe, inaamua pa kukata. Inakata pande zote mbili, na yaliyokatwa hayarudi. Fungua histogramu, mchoro unaoonyesha weusi na weupe wa picha ulivyogawanyika. Ikiwa milima yake imeegemea ukuta wa kulia au wa kushoto, umepoteza maelezo ambayo bado yapo kwenye filamu.

Fanya hivi. Zima marekebisho yote ya moja kwa moja. Zima ukalishaji wa kingo. Skani kwa biti 16 za kijivu, si 8. Sogeza alama ya nyeusi na ya nyeupe nje ya mlima, uache nafasi tupu pande zote mbili. Picha itatoka imepauka, haina nguvu, na wengi wakiiona hivyo hushtuka na kurudisha marekebisho ya moja kwa moja. Usirudishe. Picha iliyopauka ndiyo uliyokuwa unaitafuta. Nguvu utaitia baadaye kwenye programu ya kuhariri, ambako unaweza kurudi nyuma. Kama programu ya skana yako ni kaidi, idanganye: iambie filamu ni pozitivu, skani negativu ilivyo, kisha igeuze mwenyewe.

Fremu ya milimita 35 ikiskaniwa kwa nukta 3200 kwa inchi hutoa pikseli kama 4,500 kwa 3,000, na faili la biti 16 za kijivu ni karibu megabaiti 27. Hifadhi hilo kwa TIFF. Usikimbilie 6400 inayotajwa kwenye boksi la skana bapa, ile ya kulaza kitu juu ya kioo. Uwezo halisi wa lenzi zake uko chini sana ya hapo, na faili kubwa halitakupa jani hata moja la ziada.

Chanzo cha pili: negativu yenyewe ni nzito mno. Kipimamwanga cha kamera hakijui jani linarudisha infraredi kiasi gani, hivyo mpigaji mwangalifu hupiga fremu mbili tatu za mwanga tofauti, na moja huwa imezidi. Ipime hivi: laza negativu juu ya ukurasa wa gazeti mchana, karibu na dirisha. Ikiwa unaweza kusoma herufi kupitia jani zito kuliko yote, skana ya kawaida itapita. Ikiwa herufi zimezama kabisa, taa ya skana nayo itahangaika, na ule mchanga unaouona ni kelele za kitambuzi kinachojaribu kuona gizani. Kwanza angalia fremu za jirani, pengine ile uliyoidharau kwa kuwa nyembamba ndiyo itakayoskani vizuri. Kama ni hiyo tu uliyo nayo, ongeza mwanga wa skana ikiwa programu inaruhusu, au tumia uskani wa mara mbili wa mwanga tofauti. Anayeskani kwa kamera, yaani anayeipiga picha negativu kwa kamera ya dijitali juu ya taa badala ya skana, ana nafuu: anapiga moja kwa ajili ya anga na nyingine kwa ajili ya majani, anaziunganisha.

Acha hapo. Utasikia kuna dawa ya kupunguza uzito wa negativu. Ipo kweli, lakini inakula fedha, na ikishakula hairudi. Usiijaribu kwenye negativu ambayo huna nyingine mfano wake.

Dalili: nukta, nywele na madoa ya duara

Rangi ya nukta inakwambia chanzo. Vumbi huzuia mwanga, kwa hiyo kwenye picha iliyogeuzwa hutokea jeupe. Nukta nyeusi ni tundu: dawa, yaani tabaka la jelatini lenye picha, imebanduka kwenye filamu, au kulikuwa na vumbi ndani ya kamera lililoikinga filamu na mwanga. Nyeupe zinaondoka. Nyeusi haziondoki, utazijaza kwenye kompyuta. Mkwaruzo ni vivyo hivyo: wa juujuu upande wa mgongo, ile plastiki inayobeba dawa, hutoka mweupe, uliochimba dawa hutoka mweusi.

Tabora wakati wa kiangazi, kuanzia kama Juni hadi Oktoba, vumbi ni adui wa kila siku. Filamu yenye mgongo wa poliesta, Rollei Infrared 400 ikiwemo, hujaa umeme tuli na kulivuta zaidi. Skani asubuhi mapema kabla upepo haujaanza. Funga madirisha, zima feni, piga deki kwa tambara bichi na usubiri sakafu itulie. Futa kioo cha skana kwa kitambaa cha maikrofaiba. Pulizia filamu kwa mpira wa kupulizia, usipulize kwa mdomo; tone la mate likikauka juu ya dawa ni doa jipya.

Madoa ya duara yenye ukingo mweupe ni chokaa ya maji. Maji ya kisima mara nyingi ni magumu na huacha chumvi yanapokauka. Loweka tena filamu katika maji safi ya nyuzi karibu 20 kwa dakika kumi, kisha suuza mara ya mwisho kwa maji yaliyotoneshwa (distilled) pamoja na matone machache ya dawa inayofanya maji yateleze bila kuacha matone (wetting agent), halafu itundike bafuni bila kuipangusa. Maji hayo yanauzwa madukani kwa matumizi ya betri za gari. Soma chupa vizuri kabla ya kulipa, maana rafu hiyohiyo huwa na asidi ya betri, na chupa zinafanana. Asidi itachoma vidole vyako na itaimaliza filamu.

Alama za vidole upande wa mgongo unaong'aa huondoka kwa alkoholi ya isopropili ya asilimia 99, kidogo tu kwenye pamba. Ile ya asilimia 70 ya duka la dawa ina maji mengi. Spiriti ya bluu, petroli, mafuta ya taa: visikaribie. Dawa ya kufuta rangi ya kucha huwa na asetoni, na asetoni huyeyusha mgongo wa filamu ya asetati papo hapo.

Dalili: pete na mawimbi kwenye anga

Hizi ni pete za Newton. Hutokea pale filamu inapogusana na kioo na kuacha hewa nyembamba mno katikati. Ni jambo lilelile linalofanya mafuta ya boti pale Kibirizi yatande kwa mistari juu ya maji. Anga jeusi lisilo na kitu ndani yake huzionyesha vibaya sana. Kigoma wakati wa masika, hewa ikiwa na unyevu, hutokea mara nyingi zaidi kwa sababu filamu hulainika na kunatana na kioo.

Kwanza, usiilaze filamu moja kwa moja kwenye kioo, tumia kishikio. Pili, ikiwa imejikunja hadi inagusa kioo hata ndani ya kishikio, iweke kwenye bahasha yake ya plastiki, ndani ya kitabu kizito, siku mbili tatu. Usiipige pasi wala kuianika juani. Tatu, igeuze upande wa dawa, ule usiong'aa, uelekee kioo, kisha ukishaskani uigeuze picha kushoto kulia. Upande wa dawa una ukwaru mdogo, kwa hiyo pete hazijengeki. Ikishindikana, kipo kioo maalumu chenye uso uliotiwa ukwaru kwa ajili hii, na kwa anayeskani mara kwa mara ni pesa iliyotumika vizuri.

Dalili: mng'ao unaozunguka vitu vyeupe

Kabla hujautibu, uliza ni filamu gani. Kodak HIE, iliyoachwa kutengenezwa mwaka 2007, haikuwa na tabaka la kuzuia mwanga usirudi. Mwanga ulipita, ukagonga bamba la nyuma ya kamera, ukarudi na kuipiga dawa mara ya pili. Mng'ao ule uko ndani ya fedha yenyewe, na ndio walioupenda watu. Uache. Rollei Infrared 400 na Ilford SFX 200 zina tabaka hilo, kwa hiyo mng'ao mkubwa kwao unatiliwa shaka.

Chanzo cha kawaida upande wa skana ni mwanga unaopita pembeni ya fremu. Ziba sehemu zote wazi za kishikio kwa karatasi nyeusi. Kwa anayeskani kwa kamera hili ni la lazima: ubao wote wa mwanga ufunikwe, ibaki tundu la ukubwa wa fremu tu.

Kama bado upo, tazama kioo cha skana kwa pembeni ukiwa na tochi. Skana nyingi za miaka kadhaa huwa na utando mweupe upande wa chini wa kioo, unaotokana na mvuke wa plastiki za ndani, na unyevu wa ziwani haupunguzi jambo hilo. Utando huo hauwezi kuufikia bila kufungua.

Mwite fundi. Skana za zamani zina taa ya florisenti, na saketi inayoiwasha hutumia volti nyingi. Baadhi ya hizo taa zina zebaki kidogo. Tafuta fundi aliyewahi kufungua skana, si wa simu tu, na mwambie asimwage dawa juu ya kioo bali aiweke kwenye kitambaa.

Dalili: weupe au ukijivu unaoingia kutoka pembeni

Hapa usiitazame picha, tazama nafasi kati ya fremu na fremu na kingo zenye matundu. Hapo mwanga wa lenzi haukufika. Ikiwa hapo pamekuwa peusi kwenye negativu, filamu imeungua, yaani iliguswa na mwanga usiotakiwa, na skana haihusiki.

Iliungua wapi? Mara nyingi ni wakati wa kuipachika. Mgongo wa poliesta ulio wazi hupitisha mwanga ndani yake kama bomba: jua likipiga ncha ya filamu iliyotoka nje ya kopo, mwanga unasafiri ndani na kuunguza fremu za kwanza. Dalili yake ni kuungua kwingi mwanzoni mwa filamu kunakopungua kadiri unavyosonga. HIE ilitakiwa kufunguliwa gizani kabisa. Rollei nayo ifunguliwe gizani, au angalau kwenye kivuli kizito sana, kamwe si barazani saa sita mchana.

Ikiwa kuungua kumekwenda sawasawa kwenye ukingo mmoja tangu fremu ya kwanza hadi ya mwisho, shuku kamera. Kamera kadhaa za Canon EOS zina taa ndogo ya infraredi ndani inayohesabu matundu ya filamu. Filamu ya kawaida haiioni, hii inaiona. Na kama ukijivu umeenea filamu nzima bila mpangilio, ni uzee, joto la safari, au mashine za eksirei za uwanja wa ndege.

Kwenye skana unaweza kukata kingo na kusogeza alama ya nyeusi. Zaidi ya hapo hakuna.

Dalili: picha haina makali

Kuza faili hadi asilimia 100 na utafute chengachenga za filamu. Zikiwa kali lakini jani limefifia, skana imefanya kazi yake. Fokasi ilikosewa kwenye kamera. Infraredi hukutana mbali kidogo zaidi ya mwanga tunaouona, ndiyo maana lenzi za zamani zina alama nyekundu ya kusogezea fokasi. Hilo ni la safari ijayo.

Chengachenga nazo zikiwa zimefifia, tatizo ni la kuskani. Filamu iliyojikunja ndiyo chanzo cha kwanza. Kimo cha kishikio ni cha pili: kata vipande vya karatasi nene, viweke chini ya pembe nne za kishikio, skani, ongeza kipande, skani tena, linganisha. Kwenye skana bapa tofauti ya nusu milimita inaonekana. Epson V850 ina vishikio vyenye marekebisho ya kimo; V600 haina, karatasi ndiyo msaada wake. Wa kamera aweke kioo kidogo cha kujitazamia mahali pa filamu: ukiona lenzi yako katikati kabisa ya skrini, kamera na filamu viko sambamba.

Dalili: mistari

Mstari mmoja mwembamba ulionyooka kuelekea njia inayotembea taa ni uchafu kwenye eneo ambalo skana hujipimia kabla ya kuanza. Kwenye skana bapa liko mwanzo wa kioo. Lifute, na usiweke kitu juu yake. Mistari inayofuata urefu wa filamu na kuonekana kwa lenzi ni mikwaruzo, mara nyingi ya mchanga ulionasa kwenye mdomo wa kopo.

Mikanda mipana ya giza na mwanga kwa wanaoskani kwa kamera ni taa ya LED inayopepesa. Iongeze mwanga hadi mwisho badala ya kuipunguza, na tumia kasi ya 1/25 ya sekunde au ya polepole zaidi, kwa kuwa umeme wetu ni wa hezi 50. Na vimraba vidogo vinavyojipanga kama wavu? Umetumia skrini ya simu au tableti kama taa. Inua filamu sentimita tatu juu yake, weka plastiki nyeupe katikati.

Mikanda ikitokea siku ambazo umeme unapanda na kushuka, endesha kompyuta kwa betri na skana kupitia UPS.

Dalili: rangi ya zambarau, au weupe wa maziwa

Zambarau au waridi ni mabaki ya rangi za dawa. Skani kwa kijivu, hayatakusumbua. Weupe wa maziwa unaoonekana kwa macho kwenye negativu ni fiksa iliyochoka, ile dawa ya kuondoa kwenye filamu kile kisichokuwa picha. Tengeneza fiksa mpya, irudishe filamu humo, kisha ioshe vizuri. Hili lisisubiri, kwa sababu filamu hiyo itaendelea kubadilika mwangani.

Dalili: picha ni ya kawaida, majani hayakuwa meupe

Skana haiwezi kuyafanya meupe. Filta haikutosha: SFX 200 inaona mwanga hadi nanomita 740 tu (kipimo cha urefu wa mawimbi ya mwanga), hivyo kwa filta nyekundu ya kawaida athari yake ni ndogo, na inahitaji filta ya nanomita 720 na jua la kutosha. Au mti wenyewe haukuwa na majani. Miombo ya Tabora mwezi Agosti imepukutika. Kinachong'aa kwenye infraredi ni jani hai, kwa jinsi linavyotawanya mwanga ndani yake. Rudi mvua zikianza, au simama chini ya mwembe, ambao haupukutishi.

Dalili za kusimamisha kazi yote

Nyuzi zinazotawanyika kama mizizi juu ya negativu ni kuvu. Kigoma hutokea kwenye filamu zilizofungiwa kabatini masika mazima. Usiioshe kwa maji hata kidogo: kuvu ikishaila jelatini, jelatini huyeyuka ndani ya maji na picha huondoka nayo. Itenge na nyingine, iweke mahali pakavu pamoja na silika jeli, iskani jinsi ilivyo ikiwa imekauka na haigusi kioo.

Harufu ya siki ikitoka kwenye bahasha ni mgongo wa asetati unaooza. Hauponi, na mvuke wake huharakisha kuoza kwa filamu za jirani. Poliesta haina ugonjwa huu. Zitoe, ziache zipate hewa, na uziskani kabla ya nyingine zote, maana zitasinyaa na kugoma kulala bapa.

Negativu zilizoshikana zisibanduliwe kwa nguvu, wala kwa mvuke wa sufuria. Kama ni za familia, au zina watu na majengo ambayo hayapo tena, ziache zilivyoshikana, ziweke pakavu, na uzipeleke kwa mtaalamu wa hifadhi ya nyaraka na picha. Mpe na jina la filamu, kama unalijua, na mwaka iliposafishwa.